Siku Mbili Nikiwa Balozi wa Ufini

Tangu nirudi kutoka Mabanga siwezi kwenda kununua sukari bila kusimamishwa. Fundi wa baiskeli ananiuliza, mama wa maziwa ananiuliza, hata mchungaji aliniuliza baada ya ibada huku akijifanya anataka habari za goti langu. "Baba Brayo, ni kweli ulitapika kwa wakwe?" Basi naandika mara moja, msome, mpitishiane, mniache ninunue sukari. Na kwanza kabisa nirekebishe jambo moja: mimi sikutapika.

Mnamjua mwanangu Brian, yule mliyekuwa mkimwita Brayo. Siku hizi anafanya kazi kwenye ghala moja huko Ufini, kaskazini kabisa, ambako jua likiaga wakati wa baridi linaaga kweli. Huko ana rafiki anayeitwa Eero, kijana wa palepale Ufini, na Eero amempenda Nekesa, muuguzi aliyekutana naye hukohuko, binti ya Mzee Wekesa wa Mabanga, karibu na mji wa Bungoma. Eero alikuwa anakuja kujitambulisha. Sasa, mtu haendi kwa wakwe peke yake kama aliyepotea njia, huenda na wazee wake. Baba yake Eero alishafariki, na mama yake anaiogopa nchi yetu kwa sababu ya mambo anayoyaona kwenye televisheni. Brayo akanipigia simu. "Baba, kuwa baba yake siku mbili tu." Nikakubali mara moja, nikidhani kazi yenyewe ni kuvaa koti na kukohoa mahali panapostahili.

Moi's Bridge, tulipokimbia

Teksi iliyomtoa uwanja wa ndege Eldoret ilikubali kufika Moi's Bridge tu, kwa hiyo tulimfuata hapo kwa pikapu ya Barasa. Barasa ni jirani yangu, anauza kabeji, na mdomo wake haupumziki: ama unaongea ama unatafuna. Eero alishuka kwenye teksi akiwa mrefu, mwekundu masikioni, na mkoba mmoja mgongoni. Nikamwambia, "Habari ya safari?"

"Nzuri," akasema.

Tukangoja. Huku kwetu "nzuri" ni mlango tu, nyumba yenyewe inafuata: habari ya mama, ya ng'ombe, ya mvua, ya waliobaki. Eero alitutazama kwa upole na hakuongeza neno. Barasa akaninong'oneza, "Ni bubu?" Nikamkanyaga mguu. Hata hivyo moyo wangu uliingia wasiwasi, maana kwa Mzee Wekesa salamu peke yake inaweza kumaliza birika la chai.

Kama mnavyojua, mavuno yakifika Moi's Bridge, mahindi yanaanikwa kando ya barabara juu ya maturubai, pande zote mbili, mpaka mtu akose pa kukanyaga. Tulikuwa bado tunaangaliana na Eero wingu lilipofika. Mama mmoja akapiga kelele, "Mvua! Mvua jameni!" na mji mzima ukaanza kukimbia. Wenye maduka walikimbia, wateja walikimbia, mtu wa kinyozi alikimbia na povu nusu ya kichwa. Nilipogeuka kumwonyesha mgeni, mgeni hakuwepo. Nilimpata chini ya pikapu, amelala kifudifudi, mikono juu ya kichwa.

"Polisi?" akauliza.

"Mahindi," nikamjibu.

Nikainama nimweleze. Alitoa kichwa, akatazama, akaelewa. Halafu, bila kusema kitu, akatoka, akashika koleo lililokuwa limetupwa na akaanza kujaza gunia la yule mama, mtu asiyemjua. Alijaza kama aliyelipwa. Mvua ilipoanza kunyesha kwa nguvu, turubai la yule mama lilikuwa tupu na Eero alikuwa amelowa mpaka soksi.

"Huyu mzungu ni wa nani?" mama akauliza.

"Ni mtoto wangu," nikasema. Alinitazama, akamtazama, akaamua ya dunia ni mengi.

Tukajibanza kibandani kwake. Alimletea Eero chai ya maziwa, mandazi na mahindi ya kuchemsha. Baada ya mandazi mawili Eero akasema, kwa Kiswahili alichofundishwa na Brayo, "Asante, nimeshiba." Mama akafurahi na kumwongezea matatu. Nikaona Brayo hakumaliza somo. Hakumwambia kwamba "nimeshiba" ya kwanza ni adabu, ya pili ni mzaha, na kuanzia ya tatu ndipo mwenye nyumba anaanza kufikiria.

"Mama yangu anaamini Wakenya wanakimbia kila siku," Eero aliniambia tulipokuwa tunaondoka.

"Mwambie ni kweli tunakimbia," nikamjibu, "ila sababu ni nyingi."

Kitale, tulipopata habari mbaya

Tulikuwa tumefika nyumbani kwangu, hata viatu hatujavua, Nekesa alipopiga simu kutoka Mabanga, alikokuwa ametangulia. Sauti yake ilikuwa chini sana, ya mtu aliyejificha jikoni.

"Baba Brayo, kuna shida. Baba alijua tu ni mzungu. Leo ndiyo amejua ni Mfini."

"Na Ufini ina nini?"

Ndipo nikaisikia hadithi. Zamani, Nekesa akiwa mtoto, alikuja Mfini mmoja kuchimba kisima hapo kijijini. Maji yalitoka, tena matamu, yanachotwa mpaka leo. Siku ya kuaga, familia ya Mzee Wekesa ikamchinjia jogoo. Mgeni akaketi, akatazama sahani, akasema, "Nimeshiba." Akaondoka mezani, akaenda nyuma ya gari lake, na huko, kwa ushahidi wa bibi yake Nekesa, Kukhu mwenyewe, akainama akala mkate wake mweusi peke yake. Akapanda gari akaenda. Kuanzia siku hiyo Mabanga ukimnyima mtu chakula unaitwa Mfini. Mtoto akificha ndizi anaulizwa, "Unatuletea Ufini hapa?" Watu ambao hawajawahi kuiona nchi hiyo hata kwenye ramani wanajua jambo moja tu kuihusu, kwamba wenyewe hula wakijificha.

"Baba amesema hivi," Nekesa akaendelea, na sasa nikasikia analia. "Ati kuku atachinjwa. Eero akila, wataongea. Akikataa, hataki kusikia jina lake tena kwa hii boma. Na mimi siwezi kuolewa na mtu baba yangu hataki kumsikia. Tafadhali, Baba Brayo."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimejiandaa kuwa baba wa kijana, kumbe nilikuwa nimeteuliwa kuwa balozi wa nchi nzima, nchi ambayo sijaiona na ambayo ilikuwa imeharibu jina. Niliona uchungu kwa Nekesa, na niseme ukweli, niliona uchungu kwa Ufini pia. Taifa zima, na mito yake na wazee wake, limebebwa na mtu mmoja na kipande cha mkate!

Nikamweleza Eero. "Nitakula," akasema.

"Utakula vipi? Ushawahi kula ugali kwa mkono?"

Hakuwahi. Mama Brayo, mke wangu, akafunga leso kiunoni na kusema kijana afanye mazoezi. Akapika ugali wa kutosha jeshi, akakaanga kuku, akamfundisha kukata tonge, kuliviringisha, kulibonyeza katikati, kuchota mchuzi. Matonge ya kwanza yalianguka. Ya pili yalimwunguza. Kufikia la kumi alikuwa anakula kama mtu aliyezaliwa Kiminini, na Mama Brayo akawa anapiga makofi na kuongeza. Kesho yake asubuhi akarudia somo kwa viazi vitamu na uji wa wimbi, ati asisahau. Mimi pia nilishangilia. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba tumbo la mtu lina mwisho, hata la mwanafunzi hodari.

Kamukuywa, kwa dada yake Barasa

Tulitoka mapema, pikapu imebeba sukari, majani ya chai na blanketi la Kukhu. Mpango ulikuwa kupita moja kwa moja mpaka Mabanga. Lakini Kamukuywa gurudumu likaishiwa pumzi, na palipoishia pumzi palikuwa karibu sana na kwa dada yake Barasa. Nina shaka na hilo gurudumu mpaka leo.

"Uko na mgeni na unataka kunipita?" dada akamwuliza Barasa, mikono kiunoni. "Niambie kama tumekosana, nijue."

Nilimweleza tunawahi kwa wakwe. Akasema hata yeye anajua wakwe ni nini, ndiyo maana hawezi kuachilia mtu aende huko na njaa, bana. Wakati Barasa anaziba gurudumu, kuku alikuwa ameshachinjwa. Eero alisema "nimeshiba" mara mbili na kila mara paja likafuata. Alinitazama kwa macho ya kuomba msaada. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shule ya msingi kwamba hii nayo ni mazoezi. Akashika tonge kiume, akala.

Barabarani nilitumia nafasi hiyo kujifunza Ufini. Nilimwuliza kama wana koo. Akasema wana majina ya familia. Nikamwuliza mgeni akija kwao wanafanya nini. Akafikiri mpaka tukapita makutano ya Kimilili, halafu akasema anavua viatu, wanampa kahawa, kisha wanakaa kimya.

"Mnamnunia?"

"Hapana. Ukikaa kimya na mtu, maana yake unamwamini."

Barasa, ambaye hajawahi kumwamini mtu kwa kiwango hicho, alinyamaza kujaribu. Hakufika mbali.

Chwele, siku ya soko

Kosa la Chwele ni langu, silipeleki kwa mtu. Tulifika siku ya soko, barabara imejaa mikokoteni, ng'ombe na marundo ya vitunguu, tukawa tunasonga hatua kwa hatua. Binamu yangu Nanjala anauza nyanya hapo. Nilijiinamia kwenye kiti ili asinione, lakini ukipita sokoni na mzungu mwenye masikio mekundu dirishani, kujiinamia hakusaidii.

"Ee! Ndiyo umekuwa mkubwa, hata hushuki?"

Tukashuka. Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na sufuria ya mboga ya mrenda na ugali wa wimbi. Nanjala aliposikia tunaenda Mabanga kwa shughuli gani, akasema mrenda ndiyo dawa, unateleza, unatengeneza njia ya kuku. Wauza nyanya wakakusanyika kutazama Mfini akila mrenda, wakamhesabia matonge kwa sauti, na mmoja akamletea ndizi ya kufunga na mwingine akaleta ya kufungua. Nilijawa na fahari. Niliwaza, hii picha ndiyo ifike kwa mama yake, watu wanakusanyika kumlisha mwanawe. Sikutazama uso wa mwanawe mwenyewe, ambao ulikuwa umebadilika rangi ukawa kama kabeji za Barasa.

Mabanga, mbele ya sahani

Mzee Wekesa alitupokea akiwa amevaa suti, uso umefungwa. Ukoo ulikuwa umejaa hemani: kaka zake, wake zao, majirani, na katikati, kwenye kiti cha mto, Kukhu. Nekesa alikuwa mlangoni mwa jiko akishika kitambaa kwa mikono miwili. Hakuthubutu hata kupunga.

"Kalibuni," Kukhu akasema, akimtazama Eero kuanzia viatu kupanda juu. "Kalibuni wageni. Huyu ndiye?"

"Ndiye, Kukhu," nikasema, nikakohoa mahali panapostahili.

Mzee akaanza kuniuliza mimi, kama balozi. "Huko kwenu Ufini mnazikana?"

"Tunazikana sana, Mzee."

"Mtu akifiwa mnakaa matanga?"

"Tunakaa. Tunakaa kimya, lakini tunakaa."

"Na ng'ombe mnajua?"

Hapo Eero mwenyewe akajibu kwamba babu yake alikuwa na ng'ombe, mmoja alikuwa na jina la shangazi yake, na shangazi hakupenda. Watu wakacheka. Hata shavu la Mzee likacheza kidogo. Nikaona nchi yangu inaanza kusafishika. Kisha mlango wa jiko ukafunguka.

Waliileta sahani akina mama wawili, maana mmoja hangeiweza. Ugali ulikuwa umesimama mlima, jogoo mzima pembeni, na juu yake, imewekwa peke yake, firigisi. Kwetu firigisi haiwekwi ovyo. Mwanamume anayepewa firigisi amepewa kiti. Mzee Wekesa alikuwa amemtengea Mfini kiti, mbele ya ukoo mzima, licha ya hasira zake zote, akakaa kumtazama kama atakikalia.

Eero akanawa mikono. Akakata tonge, akaliviringisha vizuri kabisa, akalibonyeza katikati kama alivyofundishwa. Akalipeleka mdomoni. Likafika nusu ya njia, likasimama. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Akalirudisha sahanini taratibu, akamtazama Mzee, na kwa sauti ndogo akasema neno pekee la Kiswahili alilokuwa amebaki nalo.

"Nimeshiba."

Mzee Wekesa akainuka. "Ni walewale," akasema, si kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nekesa akajifunika uso kwa kitambaa. Nikafungua mdomo niitetee nchi. Na Eero naye, Mungu wangu, akainuka, akatoka kwa haraka, akaelekea nyuma ya pikapu.

"Mnaona!" Kukhu akapiga fimbo chini. "Nyuma ya gali! Tena nyuma ya gali! Leo nitamshika na huo mkate!"

Akaondoka kwa mwendo ambao wajukuu zake hawakujua anao. Tukamfuata wote. Kukhu akazunguka pikapu wa kwanza, fimbo juu, tayari. Akasimama. Fimbo ikashuka. Eero alikuwa ameinama, ameshika gurudumu kwa mkono mmoja, na kutoka kwake zilikuwa zinatoka Chwele, Kamukuywa, Kitale na, nadhani, kipande cha Moi's Bridge.

"Wooi," Kukhu akasema. Akamtazama kwa muda, kichwa kimeinama upande. "Wooi jameni. Yule mwingine pia aliinama hivi hivi."

"Mama," Mzee Wekesa akasema pole pole, "si ulisema alikuwa anakula mkate?"

"Nilisema mdomo ulikuwa unafanya kazi. Nikasema labda ni mkate. Nyinyi ndio mliongeza langi."

Kisha akanigeukia mimi. "Huyu mtoto wako amekula wapi kabla ya hapa?"

Nikataja yote: mazoezi, viazi, uji, kuku wa gurudumu, mrenda wa kutengeneza njia, ndizi ya kufunga na ya kufungua. Kila nilipotaja, akina mama waliguna kwa huruma. Kukhu akasikiliza mpaka mwisho, akawageukia watu wake.

"Na yule wa kisima? Siku ile kabla ya kuketi kwetu, alikula wapi?"

Mke wa kaka yake Mzee, Mama Rosa, akaanza kuchora ardhi kwa kidole cha mguu. "Si alikuwa anatuaga? Kwangu alikula kuku. Mmoja tu."

"Kwangu viazi," jirani mmoja akasema.

"Mimi nilimpa chai tupu," akasema mwalimu wa kwaya. "Na mayai. Na nusu ya mkate, lakini ule ulikuwa mweupe."

Mzee Wekesa alisimama katikati yetu akiwaangalia mmoja mmoja. "Kwa hivyo," akasema, "tumetukana taifa zima miaka yote hii, na maji yao tunakunywa, kwa sababu ya kuku wa Mama Rosa?"

Aliyeanza kucheka ni Kukhu. Alicheka mpaka akashikilia pikapu, karibu na Eero, na Eero akamshika mkono asianguke, ingawa yeye mwenyewe alihitaji kushikwa. Nekesa alikuja akikimbia na maji kwenye kikombe. Mzee alirudi hemani, akachukua firigisi, akaifunika kwa bakuli, akaiweka kabatini na kufunga kwa ufunguo. "Hii ina mwenyewe," akatangaza. "Atakula kesho."

Asubuhi Eero aliila kwa uji mweupe, ukoo wote umesimama kumtazama akitafuna. Alipomeza, Mzee akampa mkono na kumwita mkwe. Mambo ya ng'ombe wa mahari wakasema yatangoja. Mimi nililia, na sioni aibu kusema, maana nilikuwa nimeogopa usiku kucha kwa ajili ya yule msichana.

Bungoma mjini, na kurudi

Tulipita Bungoma kununua dawa ya tumbo. Muuzaji akamwangalia mgeni kwa masikitiko na kuniuliza, mbele ya wateja, "Amekunywa maji gani huyu? Ndiyo maana tunaharibiwa jina huko nje." Nilikuwa navuta pumzi ya kuitetea Kenya, maana sasa nilikuwa na uzoefu, lakini Eero akanitangulia.

"Kuku," akasema. "Wawili. Na mrenda."

Duka zima likampa pole.

Nekesa alinipigia tukiwa njiani. Anasema tangu jana Mabanga hawasemi tena Mfini kwa mtu mnyimivu. Sasa mtoto akizidisha kula wanamwambia, "Usile Kifini, utapasuka." Alikuwa amekasirika kidogo. Nilimwambia jina la nchi ni kama shati jeupe, halirudi kuwa jipya, lakini kutoka kwa uchoyo mpaka ulafi hiyo ni kupandishwa cheo.

Karibu na Kamukuywa, ambako Barasa aliapa gurudumu ni zima na mimi niliapa hatushuki, mama yake Eero akapiga simu ya video. Eero akaongea. Nasema akaongea! Maneno mengi kuliko yote niliyomsikia tangu ashuke kwenye teksi, marefu, ya Kifini, na katikati nikawa nashika moja moja: Mabanga, mrenda, firigisi, Kukhu. Mama akashika mdomo, akacheka, akafuta macho, akauliza kitu kwa uso wa wasiwasi. Eero akanigeukia.

"Anataka kuja Desemba kuwaona wazazi wa Nekesa. Lakini bado anaogopa kidogo. Anauliza kama anaweza kubeba mkate wake."

Barasa nusura atutie mtaroni.

"Mwambie aje nao," nikasema. "Ila abebe wa kutosha kijiji kizima, na asiulie nyuma ya gari."